Vumbi Jekundu: Kutoka Roma hadi Paris, Msimu wa Udongo 2025

Alhamisi, 15 Mei. Roma

Ukiingia Foro Italico, viwanja vya mashindano ya tenisi ya Roma, kwa mara ya kwanza, tenisi yenyewe unaisahau kidogo. Macho yanavutwa na wanamichezo wa marumaru waliosimama kuuzunguka uwanja wa Pietrangeli, vifua mbele, nguo hakuna, kazi ya enzi za Mussolini. Watazamaji wanakaa kwenye ngazi za mawe chini ya miguu yao, na chini zaidi liko lile vumbi jekundu la viwanja vya udongo, lililonitoa nyumbani.

Warumi leo wana habari moja tu, Jannik Sinner. Kijana wao amerudi uwanjani mwezi huu baada ya kumaliza adhabu ya miezi mitatu kwa suala la clostebol, dawa iliyokatazwa michezoni, na jana alikwenda Vatican kumpa raketi Papa Leo XIV, ambaye naye ni mpenzi wa tenisi. Leo kakutana na Casper Ruud, aliyetwaa taji la Madrid tarehe 4 ya mwezi huu huu, kamfunga 6-0, 6-1. Niliitazama kwenye skrini, maana tiketi yangu ni ya viwanja vidogo. Mzee aliyekuwa kando yangu alikuwa akihesabu gemu kwa vidole. Za Ruud zilimtosha kidole kimoja.

Kilichonikera ni sauti. Nyuma ya mistari hakuna tena waamuzi. Mpira ukitoka, spika inapaza tangazo lililorekodiwa, kavu, na mchezo unaendelea. Kuanzia mwaka huu mashindano ya udongo ya ATP, yaani ya wanaume, yote yanatumia kamera, na hapa Roma wanawake nao wamo. Kwenye uwanja wa saruji sina ugomvi na mashine. Lakini udongo una jambo ambalo saruji haina: mpira ukidunda unaacha alama, na kila mtu anaiona, mchezaji, mwamuzi, hata aliyeketi safu ya nne. Sasa alama ipo pale pale, inasema yake, na sheria inakataza kuisikiliza. Mwezi uliopita kule Stuttgart, ambako mwamuzi alishuka kuiangalia alama, Aryna Sabalenka hakuridhika, akachukua simu akaipiga picha, akapewa onyo. Siku chache baadaye Zverev akafanya vivyo hivyo Madrid, naye akaonywa. Wataalamu wanasema alama huweza kudanganya, kwamba vumbi likiwa jingi inapanuka na likiwa haba inafinyika. Labda. Ila ukiniambia nisiamini ninachokiona kwa macho yangu, niamini mchoro wa kompyuta, itabidi unipe muda.

Tena Madrid hiyo hiyo, tarehe 28 Aprili, umeme ulikatika karibu Hispania na Ureno nzima, kamera zikafa, ubao wa matokeo ukafa, kipaza sauti kikamzimikia Coco Gauff katikati ya mahojiano, na ratiba ya siku ikavunjika. Sisi tuliolelewa na mgao tulicheka kidogo, kwa heshima.

Jumamosi, 17 Mei

Jasmine Paolini kamshinda Gauff 6-4, 6-2, na Rais Mattarella alikuwepo jukwaani. Miaka 40 imepita tangu Raffaella Reggi awe Mwitaliano wa mwisho kulitwaa taji hili la wanawake. Paolini ni mfupi, wa sentimita 163 hivi, na anacheza kama aliyekatazwa kutembea. Kila mpira anaukimbilia, hata ule ambao umeshakufa. Mama yake ana asili ya Poland na Ghana, jambo ambalo Waghana waliojaa karibu na lango la kutokea walihakikisha hakuna anayeondoka bila kulijua.

Gauff simwonei huruma sana. Amepoteza fainali ya Madrid, sasa ya Roma, lakini mtu anayefika fainali mbili mfululizo kwenye udongo ana jambo analolipika.

Jumapili, 18 Mei

Carlos Alcaraz kamfunga Sinner 7-6, 6-1. Ushindi wa mfululizo wa Sinner, mechi 26, umeishia nyumbani kwake. Seti ya kwanza ilikuwa sawa kwa sawa mpaka taibreki, gemu ya kuamua seti, halafu Mhispania akaanza ile michezo yake ya kukurudisha nyuma kwa fohendi nzito, kisha kukudondoshea mpira mfupi nyuma ya wavu ukiwa umeshachelewa. Sinner ni hodari wa kupiga sana na kupiga sawasawa. Kwenye saruji hiyo inatosha. Kwenye udongo mpira ukigusa ardhi unang'ang'aniwa kidogo, unapunguza kasi, unaruka juu zaidi, na yule uliyedhani umemmaliza anapata nusu sekunde ya kuuwahi. Ndiyo maana Pete Sampras, na vikombe vyake 14 vikubwa, hakuwahi hata kufika fainali ya Roland Garros, lile shindano la Paris.

Kwa wanaume, Waitaliano wanangoja tangu 1976, mwaka wa Adriano Panatta. Mwaka ule ule Panatta alikwenda akashinda na Paris, akimtoa Björn Borg njiani. Mtu pekee aliyewahi kumfunga Borg Roland Garros ni yeye, na alimfunga mara mbili.

Jumanne, 20 Mei. Njiani

Treni ya Milano kwenda Paris inapita chini ya Alpi. Njia hii ilifungwa Agosti 2023 kwa maporomoko ya mawe upande wa Ufaransa, ikafunguliwa tena mwishoni mwa Machi mwaka huu, kwa hiyo abiria wengine wanaitazama milima kwa shukrani na wengine kwa wasiwasi.

Hadithi inayopendwa kusimuliwa juu ya asili ya viwanja hivi ni ya ndugu wawili Waingereza, akina Renshaw, mabingwa wa Wimbledon. Miaka ya 1880 walikuwa wakifundisha Cannes, kusini mwa Ufaransa, na nyasi zikawa zinaungua kwa jua. Wakaagiza vyungu vibovu kutoka Vallauris, mji wa wafinyanzi jirani, vikasagwa, unga ukamwagwa juu ya nyasi. Kwa hiyo huu tunaouita udongo ni kigae. Hata leo ule wa Paris ni tofali lililosagwa.

Jumapili, 25 Mei. Paris

Nimefikia kwa shemeji, ambaye tenisi haimhusu. "Shem, mtu unapanda treni siku nzima kwenda kuangalia watu wanarudishiana mpira?" Yeye ni wa PSG, na wiki hii nzima nyumba inanuka fainali ya Munich.

Nilimwambia jambo moja likamnyamazisha: Roland Garros hakuwa mchezaji wa tenisi. Alikuwa rubani, mzaliwa wa Saint-Denis kisiwani Réunion, Bahari ya Hindi, jirani zetu. Mwaka 1913 aliruka kutoka Fréjus hadi Bizerte, akawa wa kwanza kuvuka Mediterania kwa ndege bila kutua. Alikufa vitani Oktoba 1918, wiki chache kabla ya amani. Uwanja ulipojengwa 1928 ili Ufaransa ilitetee Kombe la Davis, jina lake likapewa nafasi. "Kumbe mtu wa visiwani," akasema shemeji, akarudi kwenye simu yake.

Leo ilikuwa siku ya kumuenzi Rafael Nadal. Uwanja wa Philippe-Chatrier, watu wapatao 15,000, karibu wote wamevaa fulana za rangi ya udongo, na maandishi ya kumshukuru Rafa. Federer alikuja, Djokovic alikuja, Murray alikuja. Wakamfunulia bamba pembeni ya wavu lenye unyayo wa kiatu chake, litakalobaki hapo. Alibubujikwa machozi, na jirani yangu kwenye skrini ya nje naye akabubujikwa, mwanamume wa makamo, tai shingoni.

Takwimu zake hapa zinachekesha: mataji 14, mechi 112 alizoshinda, 4 alizopoteza. Waliomfunga ni watatu tu, Söderling 2009, Djokovic 2015 na 2021, Zverev 2024. Mkono wa kushoto, mpira unaozunguka kwa nguvu, ukidunda unapanda mpaka bega la bekihendi la mpinzani, na mpinzani anaurudisha huku anarudi nyuma kuelekea bango la tangazo. Saruji ingemnyima nusu ya silaha hiyo.

Alhamisi, 29 Mei

Sikukuu ya Kupaa, shule zimefungwa, viwanja vya pembeni vimefurika watoto wenye mipira mikubwa ya kusainisha. Richard Gasquet kastaafu leo, kafungwa na Sinner 6-3, 6-0, 6-4. Bekihendi yake ya mkono mmoja ilipigwa mara chache za mwisho, na kila ilipotoka vizuri uwanja mzima ulitoa sauti moja ya chini.

Muda mrefu niliutumia kuwatazama watu wa uwanja. Kila seti ikiisha wanatoka wawili wawili na wavu mzito, wanauburuta kwa duara kuanzia nje kuingia ndani, wengine wanafagia mistari kwa mifagio mirefu, halafu mpira wa maji unaletwa kulainisha vumbi. Hapo kinachoonekana ni cha juu tu. Unga wa tofali wenyewe ni milimita moja hadi mbili, basi. Chini yake kuna tabaka la chokaa iliyosagwa, nyeupe, lenye sentimita kadhaa, na ndilo linaloshika maji na kuamua mpira udunde vipi. Chini ya chokaa kuna majivu magumu ya makaa, halafu kokoto, halafu mawe. Jumla karibu sentimita 80. Uwanja ukikauka mno, unga unapeperuka na mpira unakimbia. Ukilowa, mpira unabeba vumbi, unakuwa mzito, na mchezaji mwenye nguvu anajikuta anapiga jiwe.

Viwanja vya udongo huko kwetu tunavyo pia, vya Nairobi, vya Bujumbura, na Kigali wameanza kuandaa mashindano ya daraja la Challenger, la chini ya yale makubwa, juu ya udongo tangu 2024. Tofauti yao na hapa ni hao watu wenye wavu.

Jumamosi, 31 Mei

Tenisi haikunipata leo. Shemeji alishika mkono wangu tangu adhuhuri. PSG 5, Inter 0. Mtaa mzima uliruka. Nasikia Djokovic alikuwa anacheza na Misolic usiku huo huo pale Chatrier, na kelele na fataki za mji zilimfikia uwanjani. Alishinda kwa seti tatu. Nadhani aliharakisha arudi hotelini kabla barabara hazijafungwa.

Jumapili, 1 Juni

Siku niliyoingojea tangu Roma. Hapa Paris waamuzi wa mistari bado wapo, na ndilo shindano kubwa pekee kati ya yale manne lililobaki nao mwaka huu. Kwenye uwanja wa pembeni, mpira wa kijana mmoja ulianguka karibu na mstari, mwamuzi wa mstari akanyoosha mkono kuwa umetoka, kijana akasimama, akaelekeza kidole chini. Mwamuzi mkuu akashuka kitini. Ule mwendo wake ndio nilioufuata: anatembea bila haraka, anainama, anaonyesha alama kwa kidole, anaangalia kama kuna uwazi kati ya alama na mstari, anainua uso, anatoa hukumu. Uwanja umenyamaza. Kijana akaambiwa umetoka, akatikisa kichwa, akaenda kwenye nafasi yake. Hakuna aliyepiga picha.

Najua watakaonijibu. Fainali ya mwaka jana, seti ya tano, Zverev akiwa nyuma 2-1, mpira wa pili wa kuanzisha wa Alcaraz ulitangazwa nje, mwamuzi akageuza uamuzi kwa kuiangalia alama, na kamera za runinga zikaonyesha ulitoka kwa milimita 2. Zverev alikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo milimita 2, kwa mpira uliojaa manyoya, juu ya unga unaohama kwa upepo. Mtu akiniambia mashine inajua hilo kwa uhakika kamili, namwomba aninong'oneze taratibu.

Na mchana huu huu Alcaraz alifanya jambo lisiloonekana na kamera yoyote. Dhidi ya Ben Shelton, alirusha raketi kuukimbilia mpira, raketi ikaugusa, mpira ukavuka, pointi akapewa yeye. Akaenda mwenyewe kwa mwamuzi, akasema raketi haikuwa mkononi mwake wakati inagusa mpira. Pointi ikaenda kwa Shelton. Alcaraz alishinda kwa seti nne, lakini hiyo ndiyo pointi watu walikuwa wakiizungumza kwenye metro.

Jumatano, 4 Juni

Loïs Boisson. Kabla ya wiki hii sikuwa nalijua jina, na nadhani nusu ya Wafaransa nao vilevile. Ni wa 361 duniani, kaingia kwa nafasi ya mwaliko. Mwaka jana alipewa mwaliko huo huo, wiki moja kabla ya shindano goti likakatika. Juzi Jumatatu alimtoa Jessica Pegula, wa 3 duniani. Leo kamtoa Mirra Andreeva, wa 6. Hakuna mwanamke aliyewahi kufika nusu fainali hapa kwa mwaliko.

Mchezo wake ni wa udongo mtupu. Fohendi yenye mzunguko mkubwa, inapanda juu, inakusukuma nyuma. Halafu bekihendi ya kukata, chini, inakulazimisha kuinama. Juu, chini, juu, chini. Andreeva ana miaka 18 na mkono mzuri kuliko wengi, lakini makelele ya Chatrier yalimwingia, akapiga mpira hadi jukwaani kwa hasira, na kuanzia hapo alikuwa anapigana na watu 15,000.

Mechi hizo mbili za Boisson zilichezwa mchana. Za usiku, ambazo wenye kazi wanaweza kuzitazama, mwaka huu wote wamepewa wanaume. Mara ya mwisho mwanamke kucheza usiku hapa ilikuwa 2023. Ons Jabeur wa Tunisia alilisema hilo mapema wiki ya kwanza, akajibiwa kwa maneno mengi. Wafaransa wamepata mwenzao kwenye nusu fainali, na bado hawakumweka saa ya watu kuwa nyumbani. Huo ni uchoyo wa ajabu hata kwa biashara.

Ijumaa, 6 Juni

Kwa ufupi. Jana Gauff kammaliza Boisson 6-1, 6-2, na Sabalenka kamtoa Swiatek, 6-0 seti ya tatu, akakata mfululizo wa mechi 26 za Mpolandi hapa. Leo Musetti kaacha akiwa ameumia mguu mbele ya Alcaraz. Usiku Sinner kamfunga Djokovic seti tatu. Djokovic, miaka 38, aliaga uwanja kwa namna iliyowafanya wengi wasimame, na baadaye akasema huenda ilikuwa mara yake ya mwisho hapa. Huyo sishindani naye; nitaamini akiwa amestaafu miaka miwili.

Jumamosi, 7 Juni

Upepo. Walioacha paa wazi walijua watakachokipata. Sabalenka anapiga mpira kwa nguvu karibu na mistari, na upepo ulizikataa hesabu zake. Makosa 70 ya kujitakia. Gauff hakucheza tenisi nzuri zaidi, alicheza tenisi ya siku ile. Aliinua mpira juu, akakimbia, akarudisha, akarudisha tena, akamwachia mwenzake uamuzi wa kukosea. 6-7, 6-2, 6-4. Mmarekani wa kwanza kulitwaa tangu Serena Williams 2015. Kile nilichosema Roma anakipika, kimeiva.

Jumapili, 8 Juni

Tulitazama nyumbani, runinga ya taifa, na shemeji alikaa nami "seti moja tu." Saa ya kwanza aliuliza kwa nini wanapumzika kila baada ya gemu mbili. Sinner alichukua seti mbili za kwanza, Alcaraz ya tatu. Shemeji akainuka kuweka chai.

Seti ya nne, Sinner 5-3, Alcaraz anaanzisha mpira, yuko 0-40. Pointi tatu za ubingwa. Nilishamhesabia Mwitaliano, nilikuwa natafuta wapi nimeweka daftari. Ya kwanza Sinner alipiga nje. Ya pili, kosa tena. Ya tatu mpira ukanasa wavuni. Shemeji alisimama mlangoni na birika mkononi. Sinner akapata nafasi ya kuanzisha yeye kwa ajili ya ubingwa, akanyang'anywa. Taibreki, Alcaraz. Seti mbili kwa mbili.

Seti ya tano Alcaraz alitangulia, akafika 5-4 na mpira mkononi, naye akanyang'anywa. Hapo mtu angefikiri Sinner amepumua. Lakini miguu ilikuwa imeshatumika. Ule mpira mfupi nyuma ya wavu, ambao saa tatu nyuma Sinner alikuwa akiufikia, sasa alikuwa akiutazama. Taibreki ya mwisho ya pointi kumi Alcaraz aliichukua 10-2, akaangukia mgongo kwenye lile vumbi.

Saa tano na dakika 29. Fainali ndefu kuliko zote hapa. Ya zamani ilikuwa ya 1982, Wilander na Vilas, saa nne na dakika 42. Walipojumlisha pointi zote, Sinner alikuwa na 193, Alcaraz 192. Alicheza pointi nyingi zaidi kwa usahihi na akapoteza. Shemeji alikataa kabisa hesabu hiyo, akasema mpira wa miguu hauwezi kukubali uonevu wa namna hiyo, nikamkumbusha idadi ya mechi ambazo timu yake ilimiliki mpira ikafungwa bao moja.

Jumatatu, 9 Juni

Wameshahamia kwenye nyasi. Shindano la Queen's la London wiki hii lina wanawake kwa mara ya kwanza tangu 1973, na Wimbledon mwaka huu itafanyika bila mwamuzi wa mstari hata mmoja, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kwa hiyo mwakani nikitaka kumwona mtu akishuka kitini kuisoma alama, itakuwa Paris au nibaki nyumbani. Shemeji kasema kitanda kipo, ila fainali ya wanaume ikianza, yeye ndiye anashika rimoti.